Nepi ya kitambaa

Nepi ya kitambaa (huitwa pia winda, wingi mawinda) ni kitambaa anachofungwa mtoto mchanga kiunoni na katikati ya miguu ili kupokea mkojo na kinyesi, kisha hufuliwa na kutumiwa tena. Ni tofauti na nepi ya kutupa, ambayo mitaani huitwa "pampasi" hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Nepi ya kitambaa hupunguza gharama na taka za nyumbani, lakini faida hiyo hutegemea sana jinsi inavyofuliwa na kukaushwa.

Historia

Kwa muda mrefu nepi ilikuwa kitambaa chochote laini kilichopatikana nyumbani. Katika Afrika Mashariki kanga iliyochakaa hupendwa kwa kazi hiyo, kwa sababu pamba iliyofuliwa mara nyingi huwa laini na hunyonya maji vizuri kuliko kanga mpya.

Pini ya kufungia yenye kifuniko ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1849 kwa jina la Walter Hunt. Mwaka 1951 Mmarekani Marion Donovan alipata hataza ya kifuniko kisichopitisha maji cha kuvaliwa juu ya nepi. Nepi za kutupa za Pampers ziliingia sokoni mwaka 1961.

Aina na gharama

Nepi rahisi zaidi ni kitambaa cha mraba cha pamba au cha taulo, chenye upande wa takriban sentimita 60, kinachokunjwa pembetatu na kufungwa kwa pini. Juu yake huvalishwa chupi ya plastiki. Kanga moja ya sentimita 150 kwa 110 hutoa vipande vinne vya sentimita 75 kwa 55. Ziko pia nepi zilizoshonwa tayari zenye vifungo na mfuko wa kuwekea kitambaa cha kunyonya. Hizi ni ghali zaidi, ila huweza kurekebishwa mtoto anapokua.

Mtoto anayebadilishwa mara 6 kwa siku atatumia nepi za kutupa 4,380 katika miaka miwili. Nepi za kitambaa 24 zikifuliwa kila siku zinatosha kufanya kazi hiyohiyo, na mara nyingi hubaki kwa mdogo wake. Hata hivyo hesabu hubadilika pale ambapo maji hununuliwa kwa ndoo. Hapo wazazi wengi huchanganya: kitambaa mchana nyumbani, pampasi usiku na safarini.

Kufua

Kinyesi hutupwa chooni kwanza, kwa kuwa kinyesi cha mtoto hueneza magonjwa kama cha mtu mzima. Maji ya suuzo la kwanza nayo humwagwa chooni, si uani. Kisha nepi hufuliwa kwa maji ya moto na sabuni na kusuuzwa mpaka povu liishe, kwa sababu mabaki ya sabuni huwasha ngozi. Dawa za kulainisha nguo hazifai: huacha utando unaozuia kitambaa kunyonya.

Upele wa nepi husababishwa hasa na unyevu wa muda mrefu pamoja na mkojo na kinyesi vinavyogusa ngozi. Huweza kutokea kwa nepi ya aina yoyote isiyobadilishwa kwa wakati. Upele mwekundu sana unaoingia kwenye mikunjo ya ngozi huweza kuwa fangasi ya Candida, na huhitaji dawa.

Kukausha, pasi na kuhifadhi

Jua kali hukausha nepi, huzing'arisha na kupunguza vijidudu. Lakini katika Afrika ya tropiki kuna nzi (Cordylobia anthropophaga) anayetaga mayai kwenye mchanga wenye mkojo na kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au chini. Buu hupenya ngozi ya mtoto na kuleta uvimbe unaofanana na jipu. Kwa hiyo nepi huanikwa juani kwenye kamba na kupigwa pasi pande zote mbili, pamoja na mishono. Pasi ya mkaa inafaa sawa na ya umeme. Asiye na pasi huweza kukausha ndani ya chumba chenye wavu dirishani.

Nguo za mtoto, hasa zile za kurithi zilizokaa kabatini, hazipaswi kuhifadhiwa pamoja na vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuza nondo na mende. Kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana katika nchi zenye malaria, mvuke wake huweza kuvunja seli nyekundu za damu na kuleta umanjano mkali unaodhuru ubongo.

Mazingira

Nepi ya kutupa hutengenezwa kwa nyuzi za mti, plastiki na punje za polima zinazonyonya maji. Ikitupwa kwenye choo cha shimo haiozi kama kinyesi. Hujaza shimo mapema na kuwatatiza wanaolinyonya.

Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba nepi ya kitambaa huwa na nafuu ikifuliwa nyingi kwa pamoja, ikianikwa kwenye kamba na kutumiwa na mtoto wa pili. Mashine ya kukaushia kwa joto huiondoa nafuu hiyo. Afrika Mashariki kuanika kwenye kamba ni kawaida. Kinachoongeza gharama ni kuni au mkaa wa kuchemshia maji.

Malezi bila nepi

Si jamii zote zilizotegemea nepi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1977 kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya ulieleza kwamba mama huanza kumzoesha mtoto akiwa na wiki chache tu: humweka katikati ya miguu yake na kutoa sauti ya "shuu" mtoto anapokojoa. Ilitarajiwa kwamba kufikia miezi 5 au 6 mtoto angekojoa kwa ishara hiyo, mchana na usiku. Njia hiyo huhitaji mlezi aliye karibu muda wote, na ni ngumu kwa mama anayerudi kazini mapema.