Weusi wa Usiku katika Kioo cha Televisheni

Televisheni ilipofika Kenya mwaka 1962, na Uganda mwaka uliofuata, iliwajia watu kwa sura nyeusi na nyeupe. Bali Unguja, iliyoasisi kituo chake mwaka 1973, ilianza moja kwa moja kwa rangi, ikawatangulia majirani zake wote, ilhali Tanzania Bara ilikaa bila ya kituo chochote hadi 1994.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba aliyenunua chombo kisicho rangi alikula hasara. Chombo hicho kilikuwa na mwali mmoja tu wa elektroni, uliopiga juu ya kioo kilichopakwa unga mmoja mfululizo. Ama cha rangi kilihitaji miali mitatu, na nyuma ya kioo bamba lenye vitundu vidogo mno, lililomeza sehemu kubwa ya nguvu ya miali hiyo. Ndiyo sababu picha nyeusi na nyeupe aghalabu ilikuwa safi kingoni, na umeme uliohitajika ulikuwa haba, kiasi kwamba katika vijiji vya Kenya visivyofikiwa na nguzo za umeme, televisheni ya Great Wall ya inchi 14 kutoka China iliwashwa kwa betri ya gari, watu wakakaa kutazama taarifa ya habari mpaka betri ilipolegea na picha ikaanza kunywea pembeni.

Vyombo hivyo vyote, ambavyo leo twaviita vya chogo, vilikuwa na fadhila moja kubwa: mahali mwali usipopiga hapakuwa na nuru, na usiku ukaonekana usiku. Vioo bapa vilivyoenea madukani vimetunyima neema hiyo, kwani taa huwaka nyuma yake muda wote, na kinachoziziba hakiizuii nuru yote. Televisheni ya bei ya wastani, iliyo njema, huzigawa taa hizo mafungu, ikayafifisha yaliyo nyuma ya kiza; ya rahisi huziacha zote sawasawa, na usiku ukageuka jivu. Kwa taarifa ya habari na mpira wa mchana ya rahisi yatosha kabisa, wala alama ya 4K isimtie mtu deni, maadamu matangazo mengi ya vituo vyetu hayafikii kiwango hicho. Lakini mpenda filamu asiridhike na picha za maua zinazochezeshwa dukani: na amwombe muuzaji apunguze taa za duka, amwekee mandhari ya usiku, kisha ndipo aulize bei.