Kutoka Chumba cha Chini hadi Jengo Kubwa: Historia Fupi ya Shule za Watoto Wenye Usonji na Wajibu wa Sharika za Dar es Salaam

Utangulizi

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Pembezoni mwa Kinondoni na Temeke sharika nyingi zilianza chini ya mwembe au katika banda la mabati, kisha zikapanua majengo yake mara mbili hata tatu. Wito wa nabii Isaya wa kupanua mahali pa hema (Isa. 54:2) umehubiriwa katika changizo nyingi za ujenzi. Katika makala haya tunakusudia kuuelekeza wito huo kwa kundi ambalo kamati zetu za ujenzi hulikumbuka mara chache, nalo ni watoto wenye usonji. Hawa ni watoto ambao tangu udogoni hupata shida kuwasiliana na kushirikiana na wengine, nao hushikilia sana desturi na mpangilio wa vitu. Rai yetu ni kwamba shule ya watoto hao hupata jengo kubwa pale wazazi wanapoacha kuona haya na majirani wanapokubali kuwapokea; na kwamba jengo hilo linafaa tu ikiwa ndani yake kila mtoto anabaki na mahali pake padogo anapopafahamu.

Urithi wetu una pande mbili

Yatupasa kuanza nyumbani kwetu. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule za Kikristo. Hoja yake ilikuwa wazi: ikiwa mji hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, kwa nini usitumie pia kwa ajili ya vijana wake? Hata hivyo, katika Mazungumzo ya Mezani, yaliyoandikwa na wasikilizaji wake, imo habari ya mvulana wa miaka 12 huko Dessau, aliyekula kupita kiasi na kupiga kelele alipoguswa. Luther anasimuliwa kuwa alishauri mtoto huyo atupwe mtoni, kwa kuwa alimwona kuwa pande la nyama tu lisilo na roho. Wakuu wa mahali pale hawakukubali. Tabia za mvulana huyo zimewafanya baadhi ya waandishi wa siku zetu wamhesabu kuwa huenda alikuwa na usonji. Sisi tunaolichukua jina la Luther hatuna sababu ya kuificha habari hii. Yatupasa kuungana na Luther wa mwaka 1524, na katika jambo la Dessau kusimama pamoja na wale waliomkatalia.

Mtoto na mkeka wake

Mwaka 1943, huko Baltimore, Marekani, daktari Leo Kanner alichapisha taarifa ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, ambayo ndiyo iliyoitambulisha hali hii katika utabibu. Mmoja wa watoto hao alishuhudia familia yake ikihama. Alipoona wapagazi wanakunja zulia la chumba chake alifadhaika mno, wala hakutulia mpaka alipoona katika nyumba mpya vyombo vyake vimepangwa kama vilivyokuwa awali. Ndipo akaenda kukigusagusa kila kimoja kwa upendo. Kila mwalimu anayehamisha darasa la watoto wenye usonji angefaa kuijua habari hiyo.

Baada ya Kanner zilifuata lawama. Katika kitabu chake cha mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliwahesabia wazazi kosa, hasa akina mama. Kwetu lawama huja kwa sura nyingine: husemwa kuwa mama amerogwa, ukoo una laana, au mtoto ana pepo. Uchunguzi juu ya watoto 20 wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Kati ya hao, watatu walikuwa wamekua vema hadi walipougua malaria kali, na hali ilianza walipopona. Kwa wengine saba ilionekana wazi kuwa haikuelekea malaria kuhusika. Wanafunzi wa Yesu nao walitafuta mwenye dhambi mbele ya kipofu (Yn. 9), na Bwana hakuwapa jina la mtu. Mhubiri anayewapa washarika jina hilo humfungia mtoto ndani ya nyumba, na mtoto aliyefichwa haandikishwi shule yoyote, iwe ndogo au kubwa.

Kutoka chumba cha chini hadi Ealing

Mjini London mwalimu Sybil Elgar, aliyejifunza njia ya Montessori, alianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kufundisha watoto wachache katika chumba cha chini cha nyumba yake. Mwaka 1962 wazazi, miongoni mwao daktari Lorna Wing, waliunda chama chao. Kwa jitihada za kuchangisha fedha, mwaka 1965 shule ilifunguliwa Ealing, katika jengo lililokuwa hosteli ya watu wa reli. Baadaye ikaitwa kwa jina la mwalimu huyo. Watoto walipokua, mwaka 1974 yalifunguliwa makazi ya watu wazima huko Somerset. Tuangalie utaratibu huo: kwanza alikuwapo mwalimu, kisha wazazi wakaungana, na jengo likaja mwisho.

Historia ya nchini mwetu

Katika milima ya Usambara, wamisionari walianzisha Lutindi mwaka 1896 kuwa makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 makao hayo yaligeuzwa kuwa mahali pa kutunzia wagonjwa wa akili. Ilikuwa kazi ya huruma, ila ilifanyika mlimani, mbali na macho ya watu. Mwaka 2005 Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ilifungua shule ya Irente Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji, na hapo wengi wao hurudi kwao jioni. Nayo Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake.

Dar es Salaam, watoto hawa husomea zaidi katika vitengo ndani ya shule za msingi za serikali, kama kile cha Msimbazi Mseto, Ilala. Ndugu zetu Waislamu wa jumuiya ya Khoja Shia Ithna-Asheri wanayo shule ya mahitaji maalum ya Al Muntazir. Kitengo kina faida kubwa, kwa kuwa mtoto huonekana na wenzake. Lakini chumba kimoja kikijaa, kelele huzidi, na kelele kwa watoto wengi wa namna hii ni maumivu. Hapo ndipo haja ya jengo kubwa inapozaliwa.

Hitimisho

Sharika nyingi zina kumbi zinazokaa tupu siku za kazi. Tunashauri zitolewe, lakini kwa sharti gumu: ukumbi unaotolewa Jumatatu na kuchukuliwa Alhamisi kwa ajili ya harusi haumfai mtoto ambaye hutulia kwa kuona kila kitu mahali pake. Chumba kitakachotolewa kiwe cha watoto kabisa. Kabla ya kuhama, watoto wapelekwe mara kadhaa kulizoea jengo jipya. Mwalimu awe yule yule, mkeka na kiti viwe vile vile, na ratiba ichorwe kwa picha ukutani. Kuwe na uzio upande wa barabara, maji na choo karibu, na chumba kidogo cha utulivu. Wazazi waketi katika kamati ya ujenzi tangu kikao cha kwanza, maana wao wanajua kinachomtisha na kinachomtuliza kila mtoto. Na mchungaji, kabla ya kutangaza changizo, awatembelee nyumbani wale ambao watoto wao hawajaonekana kanisani, akaulize majina yao na kuyaandika katika kitabu cha washarika.