Wenye Jumapili ya Mlimani

Kila inapofika kumbukumbu ya mwanahistoria Walter Rodney, kauli ileile hurudiwa majukwaani: kwamba yeye ndiye aliyewasha moto wa fikra katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nao wanafunzi wakaota. Kwa kuwa kauli hiyo inamtukuza mtu anayestahili kutukuzwa, wachache hujisumbua kuipinga. Mimi naipinga, kwa sababu inawapora vijana kazi ya mikono yao. Mazungumzo yaliyoipa Mlimani, kampasi ya chuo hicho, jina kati ya mwaka 1967 na 1970 yaliitishwa na wanafunzi wenyewe, yakaongozwa na wanafunzi, na mada zake zikachaguliwa na wao. Rodney aliyapenda, akayahudhuria na kuyachangia. Hakuwa mwenyeji wake.

Tuanze na kalenda, maana haina upendeleo. Rodney alifundisha Dar es Salaam mwaka 1966 na 1967, kisha akarudi Jamaika kufundisha huko. Oktoba 1968 serikali ya Jamaika ilimzuia kuingia tena nchini, na aliporejea Mlimani ilikuwa tayari mwaka 1969. Kwa hiyo mwaka mzima wa 1968 hakuwepo. Hata hivyo ni mwaka huohuo ambapo chama cha wanafunzi cha USARF, yaani University Students African Revolutionary Front, kilizidi kuota mizizi. Katika mwaka huohuo kilifanya tendo lake lililosikika kuliko yote, nalo nitalieleza hapa chini. Kama moto ulikuwa wa mwalimu, nani aliuchochea mwalimu akiwa ng'ambo?

Yaliyotangulia yanajulikana. Chuo kilianza mwaka 1961 katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kikahamia Mlimani mwaka 1964. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao karibu 400. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha. Kizazi kilichobaki chuoni, pamoja na kilichoingia mwaka ule, kilikuwa na swali zito: msomi ni wa nini katika nchi ya wakulima?

USARF iliundwa mwaka huo wa 1967. Mwenyekiti wake alikuwa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni, na wanachama walitoka Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Waliwaalika wapigania uhuru waliokuwa na ofisi zao mjini, akiwemo Eduardo Mondlane wa FRELIMO, na Novemba 1967 Stokely Carmichael kutoka Marekani alizungumza chuoni. Lakini mihadhara ya wageni siyo ninayoipa uzito zaidi. Uti wa mgongo wa kazi yao ulikuwa madarasa ya itikadi ya siku ya Jumapili, ambayo hayakuwa katika ratiba ya chuo wala hayakuwa na mtihani. Mwanachama alipewa maandishi ya kusoma, ya Marx, Lenin, Fanon au Nkrumah, akaja kuyaeleza mbele ya wenzake, nao wakamhoji. Mhadhiri aliyependa alikaribishwa, akakaa kama msikilizaji na mchangiaji mwingine yeyote. Mtu aliyekaa wiki nzima akinakili maneno ya profesa, siku ya Jumapili aligeuka kuwa yeye ndiye wa kuulizwa. Mpangilio huo wa nani amwulize nani naona ni ugunduzi mkubwa kuliko itikadi yenyewe.

Sasa tendo lile la Novemba 1968. Chuo kilikuwa kimerithi kutoka vyuo vya Uingereza desturi ya Rag Day: wanafunzi huvaa matambara, hupanda malori na kupita mitaani wakichekesha watu na kukusanya fedha za kusaidia masikini. USARF walihoji mantiki yake. Vipi watu wanaosomeshwa kwa jasho la masikini wavae umasikini kama vazi la tamasha, kisha wawatupie haohao senti walizochangishana? Walijadili, wakatoa maandishi ya kupinga, na siku ilipofika wakauzuia msafara usitoke. Wapo wanafunzi waliokasirika, wakisema wameporwa furaha isiyo na madhara na masikini wamenyimwa msaada. Hoja yao ilikuwa ya kweli kwa kiasi chake, maana fedha zile zilikuwa fedha. Ila ninapoupima ugomvi huo, naona kwamba kwa mara ya kwanza maisha ya kawaida ya bweni, vazi na mzaha wa vijana, yaliwekwa mezani kama jambo la kufikiriwa. Somo hilo halikuwa katika mtaala wowote.

Novemba 1969 likatoka jarida la Cheche, lililochapwa kwa stensili na kurudufiwa kwa mkono, chini ya USARF na tawi la chuo la TANU Youth League, yaani Umoja wa Vijana wa TANU. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, pamoja na Henry Mapolu na Zakia Hamdani, ambaye leo twamjua kama Zakia Meghji, mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa fedha wa Tanzania. Hiki ndicho chanzo ambacho waandishi wengi wa historia ya Mlimani hukitaja kwa jina wakapita, na ndicho ningependa kisomwe ukurasa kwa ukurasa. Toleo la kwanza lilikuwa na makala ya Rodney kuhusu nguvukazi ya Waafrika chini ya ubepari. Iliwekwa pamoja na makala za wanafunzi, ikahaririwa na watu waliokuwa na umri wa wanafunzi wake.

Kilele kilikuja mwaka 1970, Cheche ilipotoa toleo maalumu lenye kazi moja ndefu ya Issa Shivji, kijana wa sheria, kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea Tanzania kimyakimya. Shivji aliyachambua mashirika ya umma na ubia wake na mitaji ya nje, akauliza kama kutaifisha kumebadili mwenye nguvu au kumebadili jina lake tu. Baadaye wasomi wazima, Rodney, John Saul na Tamás Szentes miongoni mwao, waliandika kuijibu, na majibu yao yakachapishwa na Tanzania Publishing House pamoja na kazi yenyewe. Hapo mwanafunzi ndiye aliyeweka mada, na maprofesa wakawa wachangiaji.

Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU upo na unatosha. Nyingine ilihusu itikadi za kigeni. Hii ya pili bado ina wafuasi, wanaosema vijana wale walikuwa vibaraka wa fikra za watu wa nje. Haihitaji subira nyingi. Gazeti la chama, The Nationalist, lilikuwa limemshambulia Rodney kwa tahariri kali Desemba 1969, naye akanyenyekea na kufafanua msimamo wake kwa heshima. Wanafunzi, ambao eti alikuwa akiwavuta kwa kamba, hawakurudi nyuma, na kazi ya Shivji ilitoka miezi kadhaa baadaye.

Wapo wakosoaji wengine ninaowasikiliza kwa makini zaidi. Wanasema mazungumzo yale yalikuwa ya wachache, kwa Kiingereza, katika nchi ambayo mkulima aliyetetewa asingeyaelewa. Ni kweli. Wanasema pia kwamba wanawake walikuwa wachache mno ndani yake, na hilo nalo ni kweli. Jina la Zakia Hamdani linang'aa kwa sababu majina mengine ya kike hayapo.

Suala hili la wanawake linanifanya niutazame pia upande wa pili wa Mlimani. Wanafunzi walikuwa na jukwaa jingine la kujadili maisha ya chuo, nalo ni Mzee Punch, maandishi na michoro ya kubandikwa ukutani bila jina la mwandishi. Watetezi wake waliyaita utani na sauti ya wanyonge. Kwa wanafunzi wa kike yaligeuka kuwa mateso ya hadharani: aliyekataa mwanamume aliandikwa, akachorwa, akatengwa. Februari 1990 mmoja wao alijiua baada ya kuandamwa hivyo, ndipo wanawake wa chuoni na wa nje wakaupigia kelele utaratibu huo wazi wazi. Darasa la Jumapili na ukuta wa Punch vyote viliendeshwa na wanafunzi. Tofauti ni kwamba la kwanza lilimtaka msemaji asimame kwa jina lake na kujibu maswali.

Baada ya marufuku ya 1970, Umoja wa Vijana ulianzisha jarida la MajiMaji mwaka 1971, na baadhi ya mikono ileile ikaendelea kuandika humo. Mwaka huohuo rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa, wenzake wakagoma. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, wakafukuzwa kwa mamia. Karne hii chuo kina redio na televisheni ya Mlimani, na tangu 2009 kongamano la Kigoda cha Mwalimu Nyerere limejaza Ukumbi wa Nkrumah. Hayo ni mema, ila mwenyeji ni taasisi.

Hirji alikusanya kumbukumbu za Cheche katika kitabu kilichotolewa na Mkuki na Nyota, akawaalika wenzake wa enzi hizo waandike nao. Kuhusu MajiMaji, Punch, na wasichana waliokaa katika madarasa ya Jumapili bila majina yao kuingia katika jarida lolote, kazi ya namna hiyo inahitajika sasa, wakati waliokuwa na miaka 20 mwaka 1968 wamepita 75 na wengine wao bado wanaweza kuulizwa.