Filamu Iliyokataa Kuzikwa
Sisi wapenzi wa filamu za kutisha tunaamini kwamba jua humwua mnyonya damu. Lakini katika *Dracula*, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897, yeye hutembea hata mchana. Imani hiyo tumeirithi kutoka *Nosferatu*, filamu bubu ya F. W. Murnau, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1922. Walioitengeneza walibadili majina ya wahusika, ila hawakuomba idhini. Mjane wa Stoker akawashtaki, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Zilizokwisha kuvuka mipaka zikasalimika. Mjane alikuwa na haki yake. Hata hivyo, lau amri ile ingetimizwa kikamilifu, tusingemwona kamwe Orlok akiyeyuka dirishani alfajiri.