Kete ikilala

Mcheza bao akidondosha kete yake ya mwisho katika shimo tupu, hasubiri kuambiwa. Amelala. Mkono unarudi magotini, mwenzake anainama ubaoni. Hakuna mwamuzi, hakuna saa, wala hakuna wa kubishana naye. Shimo lenyewe limeamua.

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo, kulala, tangu nilipoanza kusoma habari za michezo ya mezani ya Wamarekani, ile ya wachawi, mapanga na mazimwi. Nusu karne sasa wanagombana juu ya jambo moja: mchawi apumzike lini? Na huku Palma, kwenye ghuba ya Tungi, kusini kidogo ya mlango wa mto Ruvuma, jibu limechongwa kwenye mbao tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika tarehe.

Pwani hii imebadilisha mabwana mara nyingi. Tungi ilikuwa ikidaiwa na Sultani wa Zanzibar hadi Wareno walipoichukua kwa mizinga mwaka 1887, Sultani Barghash akiwa hai na hana la kufanya. Wajerumani wakajitwalia Kionga, hapo jirani, mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916. Bao halikuomba pasi. Lipo Lamu, lipo Unguja na Ngazija, Malawi wanaliita bawo, na ng'ambo ya mlango wa bahari, huko Madagaska, Mfaransa Étienne de Flacourt aliandika habari za mchezo wa jamii hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1658.

Hesabu yake inajulikana: mashimo 32, kete 64, nusu kwa nusu. Katika bao la kujifunza kila shimo hupewa kete mbili na mchezo unaanza. Bao la Kiswahili lina hila zaidi. Kila mchezaji anatandaza kete 10 tu, 6 zikiwa ndani ya shimo maalumu liitwalo nyumba, na kubaki na 22 mkononi. Hizo za mkononi ndizo za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, zamu kwa zamu. Ukila kete za mwenzako, unazitawanya ulizokula. Ya mwisho ikiangukia penye kete, unazikomba zote na kuendelea. Zamu moja ya fundi inaweza kuzunguka upande wake wa ubao hadi watazamaji wapoteze hesabu.

Nguvu ya namna hiyo ingeua mchezo wowote, kwani mwenzako angekaa tu akikuangalia. Bao linajilinda kwa sababu kila shimo unalolikomba unaliacha tupu. Unavyozidi kukimbia ndivyo unavyozidi kujitandikia kitanda, na fundi ni yule anayejua, kabla hajanyanyua kete ya kwanza, atalala kitanda kipi. Mholanzi Alex de Voogt, aliyekaa na mafundi wa Zanzibar, alitoa mwaka 1995 utafiti mzima juu ya hesabu hizo za kichwani.

Nyumba ni jambo jingine. Kete ya mwisho ikiingia nyumbani baada ya kula, wakati wa kunamua, mwenye nyumba ana hiari: alale, au azikombe zilizomo na kusafiri. Akisafiri, nyumba imevunjika, na hiari ile haimrudii tena. Ni silaha ya mara moja.

Sasa twende Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, nakala elfu moja za kwanza. Uchawi wake waliuazima kwa mwandishi Jack Vance, ambaye katika hadithi zake za mwaka 1950 mchawi hukariri maneno ya uchawi, na akishayatamka yanamtoka kichwani. Kwa hiyo mchawi mchanga alikuwa na uchawi mmoja kwa siku. Akishautumia ni mzee mwenye kisu, anajificha nyuma ya wenzake. Mwenye upanga hakuwa na shida hiyo, upanga hausahauliki.

Mizani hiyo ilitegemea usingizi. Kanuni za mwaka 1979 zilidai saa 4 za kulala kwa uchawi mdogo na hadi 12 kwa ule mkubwa kabisa, kisha robo saa ya kukariri kwa kila daraja la uchawi. Lakini usingizi wenyewe haukuwa na gharama. Wachezaji wakagundua ujanja: ingia pangoni, mwaga uchawi wote katika pigano la kwanza, funga mlango, laleni hadi kesho. Siku ya kazi ikawa dakika tano. Mchawi akawa jitu, mwenye upanga akawa mpagazi wake.

Marekebisho yakafuatana. Toleo la mwaka 2008 liliwapa wote, hata wenye mapanga, nguvu za aina tatu: za kila wakati, za kila pigano na za kila siku. Wengi walikasirika wakisema mchawi na askari sasa wanafanana. Toleo la mwaka 2014 likaleta pumziko fupi la saa 1 na refu la saa 8, likakisia mapigano 6 hadi 8 kwa siku moja. Meza chache zinafikia idadi hiyo, kwa hiyo mchawi anaendelea kushiba. Kanuni za toleo hilohilo zinaruhusu pumziko refu liwe siku 7, ila lazima msimulizi anayeongoza mchezo awe na ubavu wa kuwalazimisha marafiki zake.

Hapo ndipo ninapoona tofauti. Kwao pumziko huombwa na mtu na kukubaliwa na mtu, kwa hiyo halitaacha kubishaniwa; kwenye bao huamua shimo. Hata uganga wa huku hauachiwi hiari hiyo; hufungwa kwa miiko. Maji ya kuzuia risasi ya mganga Kinjikitile wa Ngarambe, mwaka 1905, yalikuja na masharti. Dawa ya Naparama vilevile, wale wanamgambo wa Zambezia na Nampula katika vita vya Msumbiji vya miaka ya 1980, ambao jina lao limesikika tena Cabo Delgado tangu 2022. Risasi ikipenya, husemwa mwiko umevunjwa, dawa hailaumiwi.

Machi 2021 Palma ilishambuliwa na maelfu wakatawanyika, wengine hadi Kionga na Tanzania. Lakini bao halihitaji ubao. Mashimo 32 huchimbwa mchangani kwa kidole, na komwe zikikosekana, vijiwe vinatosha.

Watu wakishaketi, kuna namna moja ya kushindwa ambayo watazamaji huicheka zaidi. Inaitwa mkononi: safu yako ya mbele imekwisha, na kete zako za kunamua bado zimo kiganjani. Mchawi wa Gygax aliyeuhifadhi uchawi wake mkubwa kwa ajili ya zimwi la mwisho, akafia mlangoni, hiyo angeielewa bila mkalimani.