Fuko Uchi wa Mtito Andei na Siri za Chumba cha Malkia

Hadi mwaka wa 1992, wilaya ya Machakos ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu angeweza kupanda basi mjini Machakos asubuhi, akapita Emali, Makindu na Kibwezi, na afikapo Mtito Andei kwenye mpaka wa mbuga ya Tsavo awe bado hajatoka wilayani. Mwaka huo upande wa kusini ukamegwa, ukawa Makueni. Chini ya ardhi ya huko mwisho, nyekundu na ngumu isiyolainika hadi mvua inyeshe, anaishi mnyama ambaye tabia zake za kupandana na kuzaa zimewashughulisha wanasayansi wa dunia kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa Kiswahili huitwa fuko uchi. Urefu wake ni sentimita nane hadi kumi, uzito wake gramu 30 au 40 hivi. Hana manyoya ila vinywele vichache vya kupapasia njia gizani. Ngozi yake ya waridi imekunjamana kama kidole kilichokaa majini mchana kutwa. Macho ni vitundu tu, na meno manne ya mbele yametokeza nje ya midomo, ndiyo maana huweza kuguguna udongo mdomo ukiwa umefungwa. Mkulima anayepanda viazi vitamu katika ukame wa huko anamfahamu kwa kazi yake: kichuguu kidogo kinachorusha vumbi, kisha viazi vilivyoliwa kwa chini.

Mjerumani Eduard Rüppell alimwandika katika vitabu vya sayansi mwaka wa 1842, kutokana na mnyama aliyepatikana Ethiopia. Baada ya hapo, kwa zaidi ya karne moja, wataalamu hawakumjali sana. Aliyebadilisha mambo ni mwanafunzi wa zuolojia aliyekuwa akisomea Nairobi katika miaka ya 1960, Jennifer Jarvis. Alitaka kujua jinsi mafuko wa Afrika Mashariki wanavyochimba mashimo yao, akawafuga baadhi ili awaangalie kwa karibu. Mafuko wengine walizaa kama panya wa kawaida. Wale uchi walimkanganya. Majike walikuwa wengi, lakini kila mara aliyepata mimba alikuwa mmoja, yuleyule.

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa zito, inafaa kurudi nyuma hadi mwaka wa 1859. Charles Darwin alipochapisha kitabu chake kikuu, alikiri kwamba siafu na nyuki wasiozaa walimsumbua kuliko mambo mengi. Ikiwa kila kiumbe kinashindana kuacha uzao, vipi maelfu watumike maisha yao yote kumlelea malkia watoto wake? Mwingereza W. D. Hamilton alitoa jibu mwaka wa 1964: anayemsaidia mama yake kuzaa ndugu wengi huendeleza damu yake kwa njia ya ndugu hao. Hata hivyo mifano yote ilikuwa ya wadudu. Hakuna aliyekuwa amemwona mnyama mwenye kunyonyesha akiishi hivyo.

Katikati ya miaka ya 1970, Richard Alexander wa Chuo Kikuu cha Michigan alizunguka vyuo vya Marekani akitoa mhadhara wa ajabu. Alisema: tuseme yupo mnyama wa uti wa mgongo anayeishi kama mchwa. Atafananaje? Akajibu mwenyewe kwamba atakuwa jamii ya panya, ataishi katika mashimo marefu ndani ya udongo mgumu wa nchi za joto, atakula mizizi mikubwa iliyofukiwa, na adui wake mkuu atakuwa nyoka anayeweza kupenya kwenye tundu. Alipomaliza kusema hayo huko Arizona mwaka wa 1976, Terry Vaughan, mtaalamu wa mamalia aliyekuwa amekaa Kenya, alimwambia kwamba mnyama huyo yupo, na akamtajia jina la Jarvis.

Sijui hadithi nyingi za sayansi zinazonifurahisha kuliko hiyo. Mtu alimfikiria mnyama kwa mantiki tupu akiwa Marekani, na mnyama mwenyewe alikuwa akiguguna mizizi chini ya miguu ya watu Ukambani.

Mwaka wa 1979 Alexander na mwenzake Paul Sherman walikuja Kenya, wakaungana na Jarvis kuwatafuta. Njia ya kuwanasa ni ya subira na jembe. Unakaa kimya karibu na kichuguu kinachorusha udongo, kisha unapiga jembe kwa nguvu nyuma ya mchimbaji ili asipate njia ya kurudi. Mmoja akishikwa, anayemfuata atakuja kuangalia kwa nini kazi imesimama. Mei 1981, Jarvis alitangaza matokeo katika jarida la Science: fuko uchi ana malkia mmoja, madume wachache wa kupandana naye, na kundi la wafanyakazi wa kiume na wa kike wasiozaa.

Baadaye Robert Brett alifuatilia makundi porini huko Kamboyo, makao makuu ya Tsavo Magharibi jirani na Mtito Andei. Alikuta kundi moja lenye karibu wanyama 300 na mtandao wa mashimo wa takriban kilomita tatu.

Basi tuingie katika chumba cha malkia, maana hapo ndipo utafiti ulipochukua mkondo wa ajabu. Kati ya mafuko wasiozaa ni vigumu kumtambua dume na jike kwa kuwatazama, kwani sehemu zao za siri zinafanana mno. Malkia mwenyewe hujulikana kwa urefu. Jike anayetwaa cheo huanza kurefuka uti wa mgongo akiwa tayari mtu mzima, pingili baada ya pingili, ili tumbo libebe mimba kubwa bila kuziba shimo. Mimba huchukua siku 70 hivi. Kwa kawaida huzaa watoto kumi na kitu, na katika maabara wameshahesabiwa zaidi ya 25 kwa mzao mmoja, ilhali chuchu zake ni kama 12. Anapokuwa tayari kupandwa, yeye ndiye humwita dume, na anao mmoja hadi watatu tu. Madume hao hupungua uzito kadiri miaka ya utumishi inavyopita.

Kwa nini majike wengine hawazai? Kwa muda watafiti walishuku harufu. Walidhani mkojo wa malkia, ambao wote hujipaka katika choo chao cha pamoja, una kemikali ya kuzima uzazi. Chris Faulkes na David Abbott wa London walilijaribu wazo hilo kwa njia rahisi. Walimtoa jike katika kundi, wakamweka peke yake, na baada ya siku chache mkojo wake ukaonyesha homoni za uzazi zimeamka. Kisha wakachukua majike wa namna hiyo na kuwaletea matandiko yaliyojaa mkojo na harufu za nyumbani kwao. Homoni hazikuzimika. Mwaka wa 1993 walihitimisha kwamba harufu peke yake haitoshi. Lazima malkia mwenyewe awepo. Na malkia huwasukuma wenzake. Huwakabili kwenye shimo pua kwa pua na kuwarudisha nyuma kwa nguvu. Kern Reeve, mwaka wa 1992, alionyesha kwamba wavivu husukumwa zaidi, na asipokuwepo malkia kazi hupungua.

Ajabu haiishii hapo. Mwaka wa 2018 watafiti wa Japani waligundua kwamba wafanyakazi wanaokula kinyesi cha malkia, jambo la kawaida kwao, hupokea humo homoni ya uzazi inayowafanya waitikie vilio vya vitoto ambavyo si vyao. Mwaka wa 2011 timu nyingine ilichunguza mbegu za kiume za madume na kukuta nyingi zimeumbika vibaya, na zinazoogelea ni takriban asilimia saba tu. Maelezo yao ni kwamba dume asiye na mshindani hana haja ya mbegu zenye kasi. Upande wa kike ni kinyume kabisa: mwaka wa 2023 uchunguzi wa ovari ulionyesha kwamba kitoto cha kike cha siku nane kina takriban seli milioni moja na nusu za mayai, na kwamba uwezo wa kutengeneza mayai mapya huendelea hata baada ya kuzaliwa. Malkia huzaa hadi uzeeni, naye huweza kuishi zaidi ya miaka 30.

Kuhusu mvuto wa kimapenzi, sayansi ilikosea kwanza, ikajirekebisha. Vipimo vya vinasaba vya mwaka wa 1990 vilionyesha kwamba wanyama wa kundi moja wanakaribiana mno kwa damu, na wengi wakasema fuko uchi huoa dada na mama bila kujali. Lakini mwaka wa 1996 Justin O'Riain pamoja na Jarvis na Faulkes walieleza aina ya dume wasiyoitarajia: mnene, mvivu, asiyemtamani malkia wa kwao, lakini mwenye hamu kubwa ya kutoka nje na kupandana na wageni. Miaka mitatu baadaye, majike waliopewa nafasi ya kuchagua walipendelea kukaa na madume wasiowafahamu. Stan Braude, aliyefuatilia makundi ya porini Meru kwa miaka mingi, aliona makundi mapya yakianzishwa na wanyama waliotoka mashimo tofauti. Kwa hiyo ndoa za ndugu huenda zilitokana, angalau kwa kiasi, na kufungiwa katika vyumba vya maabara. Huo ni ushahidi wa thamani ya kukaa porini, na ulipatikana Kenya.

Leo makundi mengi yanayofugwa Marekani na Ulaya yametokana na wanyama waliochukuliwa Kenya miongo iliyopita. Wanachunguzwa kwa sababu saratani huwapata kwa nadra sana, kwa sababu huhimili dakika 18 bila oksijeni, na kwa sababu uwezekano wao wa kufa hauongezeki kwa umri kama ilivyo kwa wanyama wengine. Mababu zao waliondoka Kenya kabla ya Mkataba wa Bayoanuwai kuanza kutumika mwaka wa 1993, na kabla ya kanuni za Kenya za mwaka wa 2006 kuhusu kugawana faida za rasilimali za kijenetiki. Hatuwezi kuwadai wanaowafuga.

Tunachoweza ni kumtambulisha mnyama huyu kwa watoto wetu. Mwanafunzi wa Chicago humtembelea fuko uchi katika bustani ya wanyama; wa Mtito Andei humwona jirani aliyeiba viazi tu. Kaunti za Machakos na Makueni, pamoja na vyuo vikuu vilivyo Ukambani, ziwatafutie mafuko hawa nyumba ya vioo ambamo shule zitawaona wakichimba na wakisukumwa na malkia wao. Nawe mwalimu wa sayansi uliye Kibwezi au Masongaleni, ukikiona kichuguu kinachorusha vumbi alfajiri, wapeleke wanafunzi wako wakakae kimya kando yake kabla jua halijawa kali.