Kadi zangu za manila

Najua nimepotea karibu wiki tatu nzima. Msinilaumu, ni mazoezi ya kufundisha yaliyonimaliza, na kurudi tu chuo nikakuta kazi za mihadhara zimerundikana kama nguo za kufua. Leo pia nina kazi, lakini nina hasira kidogo, na mnajua mimi nikiwa na hasira huandika.

Chanzo ni ubishi wa Jumamosi. Tulikuwa chumba cha runinga tunaangalia raga, na mapema tu jamaa mmoja akamgonga mwenzake kichwani kwa bega. Refa akaita video, wakaangalia mara tatu, nne, kisha kadi nyekundu. Chumba kikalipuka! Mwenzangu wa chumba (mnamjua, yule wa Fizikia) akapanda juu ya benchi akasema raga imeharibiwa, ati zamani wanaume walicheza mechi nzima bila kadi hata moja, siku hizi marefa wanagawa kadi kama karatasi za mtihani. Akapigiwa makofi. Mimi nikauliza kitu kimoja tu: zamani hakukuwa na kadi kwa sababu hakukuwa na rafu, ama kwa sababu hakuna aliyeadhibiwa? Nikaambiwa nikae chini niache historia zangu.

Sawa, nilikaa. Sasa someni.

Kwa wale mnaojua kandanda tu: kwenye raga ya wachezaji 15, mechi ni dakika 80. Kadi ya njano maana yake unaketi nje dakika 10 na wenzako wanabaki 14, halafu unarudi. Nyekundu ni kwaheri, ingawa siku hizi hiyo kwaheri nayo imeanza kubadilika, nitafika huko. Kwenye ile ya wachezaji saba, ambayo wengi wetu ndiyo tuliyoijua kwanza kwa sababu ya Safari Sevens na Shujaa, mechi ni dakika 14 na njano ni dakika 2.

Mechi ya kwanza ya kimataifa ilichezwa Edinburgh mwaka 1871, Scotland na Uingereza. Mtu wa kwanza kufukuzwa uwanjani katika mechi ya aina hiyo alifukuzwa tarehe 3 Januari 1925. Hesabuni wenyewe, ni zaidi ya miaka 53. Huyo mtu aliitwa Cyril Brownlie, mshambulizi mkubwa wa New Zealand, na hapa lazima nikae kidogo kwa sababu hadithi yake ni tamu.

Timu yao ilikuwa kwenye ziara ndefu na haikuwa imeshindwa na mtu. Twickenham, London, watu kama 60,000, na mtoto wa mfalme yuko jukwaani, yule aliyekuja kuwa Edward VIII. Kutoka mwanzo tu mafowadi wa pande zote mbili walikuwa wanapigana. Refa Albert Freethy wa Wales akaonya mara moja, mara mbili, mara tatu. Kabla dakika kumi kwisha akapuliza kipenga akamwambia Brownlie aondoke, kwamba amempiga teke mtu aliyelala chini. New Zealand walikataa kabisa kwamba alifanya hivyo. Inasimuliwa kwamba mwanamfalme aliomba jamaa arudishwe uwanjani, refa akakataa. Hebu fikiria! Mtu unaombwa na mrithi wa ufalme na unasema hapana. New Zealand wakacheza na 14 muda wote uliobaki na wakashinda 17-11, tena ndugu yake Cyril, Maurice, akafunga trai. Kipenga alichotumia Freethy siku hiyo kimehifadhiwa kwenye makumbusho ya raga kule Palmerston North, na ndicho kinachopulizwa kufungua kila Kombe la Dunia tangu 1987.

Lakini Freethy hakutoa kadi yoyote. Hazikuwepo! Alisema tu, toka. Kadi zilitoka kwenye kandanda, kwa refa Mwingereza Ken Aston aliyepata wazo akiwa kwenye gari mbele ya taa za barabarani, zikatumika mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia la Meksiko mwaka 1970. Raga ilizichukua baadaye sana.

Baada ya Brownlie, mwingine kufukuzwa katika mechi kubwa ya kimataifa ni Colin Meads, wa New Zealand vilevile, Desemba 1967 kule Murrayfield dhidi ya Scotland. Refa alikuwa Kevin Kelleher wa Ireland. Miaka 42 katikati! Wa tatu ni Mike Burton wa Uingereza, mwaka 1975 huko Brisbane. Watu watatu kwa miaka hamsini. Ukimpa mwenzangu wa Fizikia tarakimu hizo atakuchorea grafu atakuambia: tazama, mchezo ulikuwa safi.

Safi?

1974 timu ya Lions, wale wanaochaguliwa kutoka Uingereza, Scotland, Wales na Ireland, ilizuru Afrika Kusini. Kapteni wao Willie John McBride alikuwa na mpango wao wa siri: ikiitwa namba "99", kila mchezaji wa Lions ampige Mkaburu aliye karibu naye, wote kwa wakati mmoja. Mnajua kwa nini wote? Kwa sababu refa hawezi kufukuza timu nzima. Yaani walikaa chini wakafanya hesabu ya refa! Kwenye mechi ya tatu, uwanja wa Boet Erasmus mjini Port Elizabeth, ngumi zilirushwa hadharani. Waliofukuzwa ni sifuri.

Desemba 1978, New Zealand wanacheza na klabu ya Bridgend kule Wales. J.P.R. Williams, ambaye mwenyewe ni daktari, yuko chini, na John Ashworth anamkanyaga usoni kwa viatu vya njumu. Shavu likatoboka. Baba yake, naye daktari, akamshona nyuzi kama 30 kisha jamaa akarudi uwanjani kucheza. Ashworth aliendelea na mechi kama kawaida.

Na hii ya 1987 hucheka kila nikiikumbuka, ingawa si ya kuchekwa. Nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza, New Zealand na Wales, Brisbane. Huw Richards wa Wales akampiga ngumi Gary Whetton. Wayne Shelford akaja akampiga Richards ngumi moja, Richards akazimia. Wakamwamsha, akasimama akiwa hajui yuko wapi, na refa akamfukuza YEYE. Shelford akabaki, wakashinda 49-6. Kwenye kitabu cha takwimu utaona mchezaji mmoja aliyefukuzwa. Ngumi nyingine haimo.

Kwa hiyo mimi nasema hivi, na mwalimu wetu wa mbinu za historia akinisoma anisahihishe: idadi ya kadi haipimi rafu. Inapima kile refa aliweza kuona, kile alichoambiwa aadhibu, na kile alichokuwa na moyo wa kuadhibu. Zamani refa alikuwa na macho mawili kwa watu 30, na washika vibendera kazi yao ilikuwa kuangalia mpira umetoka ama haujatoka. Halafu kumfukuza mtu kulikuwa aibu ya maisha kwa familia yake, na hakukuwa na adhabu ya katikati. Ni kunyonga ama kuachilia, basi wakawa wanaachilia.

Hiyo adhabu ya katikati ndiyo iliyobadilisha mambo, na inashangaza namna ilivyobadilisha. Kadi ya njano ilianza kuonekana kwenye mechi za kimataifa 1995, Ben Clarke wa Uingereza akaipata dhidi ya Ireland, lakini wakati huo ilikuwa onyo tu, unabaki unacheza. Mwaka huohuo Kombe la Dunia lilikuwa Afrika Kusini, na pale pale Boet Erasmus (nilipogundua ni uwanja uleule nilisimama nikazunguka chumba) wenyeji walipigana na Kanada, na refa David McHugh akafukuza watatu kwa mpigo: James Dalton, Gareth Rees na Rod Snow. Nyekundu za mashindano yale zilikuwa nne. 1999 nne tena. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 2000 njano ikapewa meno, dakika 10 nje. Kombe la 2003, mechi 48, nyekundu hakuna hata moja! Naona marefa walipata mahali pa kuegemea. Kosa ambalo zamani lingewatoa jasho, nyekundu ama nisijifanye sijaona, sasa liliingia kwenye njano.

Rukeni sasa mpaka 2015. Mechi 48, nyekundu moja. 2019 kule Japani, mechi 45 kwa sababu kimbunga kilifuta tatu, nyekundu nane. Kutoka moja kati ya 48 hadi karibu moja kwa kila mechi sita. Kwa miaka minne wachezaji hawawezi kuwa wamegeuka majambazi. Kilichogeuka ni maagizo. Januari 2017 marefa waliambiwa wasivumilie tena kugongana juu ya mabega, na kabla ya Japani wakapewa utaratibu wa hatua kwa hatua: je, kichwa kimeguswa? Kwa nguvu kiasi gani? Kuna sababu ya kumpunguzia? Refa wa video, ambaye mwanzoni aliletwa kuangalia trai tu, sasa anaangalia na rafu. Kuanzia 2023 kuna na chumba cha pembeni ambako njano inachunguzwa kwa dakika 8 na inaweza kugeuka nyekundu mtu akiwa ameketi tayari.

Na sababu ya maagizo ni vichwa. Steve Thompson alikuwa kwenye timu ya Uingereza iliyochukua Kombe la 2003, lile lisilo na nyekundu hata moja. Desemba 2020, akiwa na miaka 42, alieleza hadharani kwamba amegunduliwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kwamba hakumbuki kuishinda ile fainali. Yeye na wenzake wakafungua madai dhidi ya wakubwa wa mchezo. Mimi hiyo fainali nimeitazama kwenye kompyuta ya maktaba. Naikumbuka kuliko aliyeicheza.

Nimpe mwenzangu haki yake, maana ana hoja. Kadi nyekundu ya mapema inaua mechi. 2011 Sam Warburton wa Wales alitolewa dakika ya 18 kwenye nusu fainali, wakashindwa na Ufaransa 9-8. 2019 Vahaamahina wa Ufaransa akatolewa kwenye robo fainali, Wales wakashinda 20-19. Fainali ya wanawake 2022, Lydia Thompson wa Uingereza akatolewa dakika ya 18, New Zealand wakashinda 34-31. Fainali ya 2023, refa Wayne Barnes alitoa njano tatu na nyekundu moja, ya kapteni Sam Cane, na Afrika Kusini wakachukua kombe 12-11. Pointi moja, moja, tatu, moja. Najua inauma. (Ingawa Tom Curry alitoka dakika ya tatu mwaka huohuo na Uingereza wakamchapa Argentina 27-10, basi si lazima ufe.) Kwa ajili ya maumivu hayo, kuanzia Novemba 2024 mechi kubwa za kimataifa zilianza kujaribu nyekundu ya dakika 20: aliyekosea harudi, lakini baada ya dakika 20 mwingine anaingia badala yake, isipokuwa kama alikusudia kuumiza. Ufaransa walipinga. Mimi sijaamua.

Sasa sababu ya hasira yangu.

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilipewa timu ya raga, kwa sababu nilikosea kusema nimewahi kucheza. Siku moja kukawa na mechi ya kirafiki na shule jirani na refa hakutokea, ikabidi nipulize mimi. Nilikata kadi mbili kutoka karatasi ya manila usiku wa kuamkia mechi, njano na nyekundu, nikazitia mfukoni kwa fahari kabisa. Kipindi cha pili, kijana wetu wa kidato cha pili akakimbia na mpira, jitu la upande wa pili likamkata shingoni kwa mkono mgumu. Alianguka vibaya. Wenzake wakapiga kelele "kadi, mwalimu, kadi!" Wageni wakaniangalia. Mwalimu wao mkuu alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha plastiki. Nikasema penalti. Kijana akasimama, akapepesuka kidogo, nikamuuliza uko sawa, akasema sawa mwalimu, nikamwacha acheze mpaka mwisho.

Baada ya mechi aliniuliza nani ameshinda. Nikamjibu. Baada ya dakika tano akaniuliza tena. Kwenye chakula cha jioni akauliza mara ya tatu, na wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, nikaenda kumtafuta mlezi wa bweni, akapelekwa hospitali usiku ule. Akakaa nyumbani wiki mbili. Aliporudi alikuwa mzima, au ndivyo walivyosema, mimi nilikuwa nafunga virago.

Kabla ya kuondoka nilijaza ripoti ya mechi kwenye daftari la michezo la shule, kwa kalamu, na sahihi yangu iko pale chini. Trai: tatu kwa mbili. Penalti: kumi na moja. Kadi za njano: 0. Kadi nyekundu: 0.